Rutshuru: Kwenye njia ya shamba na mbwa, bastola ya hewa inaweza kukuletea shida kuliko nyani

Kabla jua halijachomoza, wakulima wa Nyamilima na vijiji jirani vya grupema la Binza, katika eneo la Rutshuru, wanachukua jembe, panga na kidumu cha maji na kushika njia ya shamba. Wengi wanatanguliwa na mbwa. Upande mmoja wa njia kuna mahindi na maharagi. Upande wa pili, wakati mwingine mita chache tu kutoka pale, inaanza Hifadhi ya taifa ya Virunga, yenye tembo, nyati, viboko, simba na makundi ya nyani ambayo hayajawahi kusoma ramani.

Mbwa ndiye mwenye kusikia wa kwanza. Anasimama, anainua masikio, ananguruma. Mwenye mbwa anabaki na sekunde chache za kuamua: kurudi nyuma, kupiga kelele, kuokota jiwe, ao kukimbia, na kukimbia ndiko kubaya kuliko yote.

Siku hizi kuna jibu lingine linalopita kwenye simu. Ni bastola ya hewa, ile inayouzwa kwenye intaneti na yenye kurusha chembe ndogo ya risasi kwa nguvu ya gesi ao ya springi. Katika nchi nyingi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini, watu wenye kutembeza mbwa pembeni ya pori wanajiuliza kama inafaa kuibeba kwa ajili ya nguruwe pori, mbwa mwitu wadogo wanaoitwa koyote, ao mbweha. Ndugu zetu wengi wanaishi huko sasa, na mambo ya huko yanafika huku upesi. Kwa mtu ambaye shamba lake liliingiliwa na nyani mara tatu katika msimu mmoja, picha ya bastola ndogo isiyohitaji baruti inavutia.

Kabla ya kumwandikia ndugu wa Bruxelles ao wa Toronto amtume mtu nayo, kuna mambo ya kupima. Hesabu yenyewe ni fupi, na haiipendelei bastola.

Jiwe lina nguvu kuliko risasi hiyo

Bastola za hewa ni za aina tatu kubwa. Kuna yenye springi, ambayo mtu anaikunja kwa mkono kabla ya kila risasi. Kuna yenye kutumia kichupa cha chuma chenye gramu 12 za gesi ya kaboni, na hiyo ndiyo inayouzwa zaidi kwa sababu inapiga mara nyingi bila kupumzika. Na kuna yenye tanki dogo la hewa iliyobanwa, ambayo inahitaji pampu maalumu na bei yake ni kubwa. Risasi yake ya kawaida ina upana wa milimita 4.5 na uzito wa karibu nusu gramu.

Nguvu ya risasi inapimwa kwa jouli. Chembe ya nusu gramu inayotoka kwa mwendo wa mita 120 kwa sekunde inabeba chini ya jouli 4. Bastola ya kweli ya milimita 9 inatoa karibu jouli 500. Bunduki ya AK-47, ambayo kila mtoto wa Kivu anaijua kwa sauti, inafika karibu jouli 2,000. Na jiwe la gramu 200 lililotupwa na mkono wa kijana mwenye afya, kwa mwendo wa mita 20 kwa sekunde, linabeba jouli 40. Ni mara kumi ya bastola ile ya hewa, na jiwe haliuzwi.

Tofauti ni kwamba chembe ya risasi ni ndogo na ya mviringo, kwa hiyo inaweza kupenya ngozi laini. Hapo ndipo kuna ubaya wake. Haina nguvu ya kumsimamisha mnyama mkubwa, lakini ina nguvu ya kutosha kumpasua jicho nyani, ao kubaki ndani ya nyama ya mnyama mdogo na kuoza humo. Ngozi ya kiboko ina unene wa sentimita kadhaa. Kwake risasi hiyo ni kama inzi. Nyati mzee wa kilo 600 atajua tu kwamba kuna mtu, na kwamba mtu huyo yuko wapi.

Kuna jambo lingine ambalo watu wengi hawalifikirii: bastola ya hewa haina kelele. Inatoa mlio mfupi wa hewa, basi. Mnyama wa pori hakimbii risasi asiyoiona. Anakimbia sauti, harufu, mwanga, na umbo la mtu anayejitanua. Chombo kisichotoa hata kimoja kati ya hivyo hakina cha kumwambia tembo.

Tena gesi ya kaboni haipendi baridi. Inapopoa, mgandamizo wake unashuka na risasi inatoka dhaifu zaidi. Asubuhi ya Lubero ao ya milima ya Masisi inatosha kuipunguzia nguvu. Kichupa kimoja kinapiga risasi kama 40 hadi 60 kisha kinaisha, na kichupa kipya hakiuzwi sokoni Kiwanja kati ya chumvi na sabuni. Mashirika ya ndege kwa kawaida hayaruhusu msafiri kubeba vichupa hivyo vilivyojaa. Mtu anaweza kuletewa bastola na kukosa kitu cha kuitia ndani.

Kitu kinachofanana na silaha

Hata kama bastola hiyo ingekuwa na nguvu, bado kungekuwa na swali ambalo mtembezaji wa mbwa wa Ujerumani ao wa Kanada halazimiki kujiuliza sana: nani ataniona nayo?

Huko kwenyewe sheria si nyepesi. Nchini Uingereza, bastola ya hewa yenye kupita nguvu ya karibu jouli 8 inahesabiwa kuwa silaha iliyokatazwa, na kubeba hata ile ndogo mahali pa watu wote bila sababu halali ni kosa. Huko Scotland, tangu mwisho wa mwaka 2016 mtu hawezi kuwa na silaha ya hewa bila cheti. Nchini Kanada, silaha ya hewa yenye kupita mita 152.4 kwa sekunde na jouli 5.7 inachukuliwa kama bunduki na inahitaji leseni. Katika nchi hizo, polisi akiitiwa mtu mwenye bastola bustanini, anafika akiamini kwamba ni bastola ya kweli. Bastola nyingi za hewa zinatengenezwa zifanane kabisa na zile za vita. Wauzaji wanasifia jambo hilo.

Sasa ondoa bustani, weka barabara ya Rutshuru. Weka kizuizi cha askari, ao cha kikundi chenye silaha, saa kumi na mbili asubuhi, ukungu ukiwa bado chini. Mtu anatoka kwenye majani na mbwa, ana kitu cheusi kiunoni. Hakuna atakayemwomba amsomee kipimo cha jouli. Katika Kivu Kaskazini na Ituri, ambako wakulima wanashukiwa kila siku na upande huu kuwa watu wa upande ule, kitu chenye umbo la bastola kinaweza kugharimu maisha, ama ya mwenye nacho, ama ya mtu anayetembea naye.

Sheria ya Kongo nayo ipo. Sheria-amri namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 ndiyo inayoongoza mambo ya silaha na risasi nchini, na raia hawezi kumiliki ao kubeba silaha bila ruhusa ya serikali. Mtu mwenye kuleta kitu cha namna hiyo kupitia mpaka wa Bunagana ao Kasindi akisema ni mchezo tu, anajiwekea mashaka bure. Kisha kuna upande wa wanyama: sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 kuhusu uhifadhi wa maumbile inawalinda wanyama kama tembo na sokwe, na kumjeruhi mnyama anayelindwa si jambo linaloisha kwa kusema "nilikuwa ninamfukuza". Walinzi wa ICCN wanapomkuta mtu na mbwa, panga na kitu kinachofanana na silaha karibu na mpaka wa hifadhi, neno la kwanza litakalowajia ni "mjangili".

Fataki na bastola za kuanzishia mbio, zile zinazotoa mlio bila risasi, zina shida ya namna nyingine. Kwa mnyama zinafanya kazi vizuri kuliko bastola ya hewa, kwa sababu zinalia. Lakini mlio mmoja kama ule jioni huko Kibirizi ao Nyanzale unaweza kuifanya familia nzima ibebe godoro na kulala porini, na unaweza kujibiwa na risasi za kweli. Kinachofukuza tembo Zambia kinaweza kuhamisha kijiji Kivu.

Mbwa anaweza kukuletea mnyama

Wengi wanadhani mbwa peke yake ni ulinzi wa kutosha. Mara nyingi ni kweli kwa vitu vidogo: anamgundua nyoka mapema, anawatimua panya wakubwa, anabweka wakati nguruwe pori wanaingia kwenye mihogo. Hata yule mbwa wetu wa zamani, anayejulikana duniani kwa jina la basenji na ambaye habweki kama wengine, wawindaji wa msituni walimfunga kengele ya mti shingoni ili wasimpoteze. Watu wa Kongo wamejua faida ya mbwa porini kabla ya mtu yeyote kuandika kitabu juu yake.

Lakini mbwa asiye na kamba ana tabia moja mbaya: anaenda kumchokoza mnyama, anaona kwamba mnyama ni mkubwa, kisha anakimbilia kwa bwana wake. Mnyama anamfuata nyuma. Huko Amerika ya Kaskazini jambo hilo limechunguzwa. Stephen Herrero, mtaalamu wa dubu wa Kanada, pamoja na mwenzake walipitia mashambulizi 92 ya dubu weusi dhidi ya watu kati ya mwaka 2010 na 2013, na mbwa walikuwemo katika zaidi ya nusu yake. Wengi wa mbwa hao hawakuwa wamefungwa kamba. Virunga hakuna dubu, lakini kuna nyati dume mzee anayeishi peke yake kwenye kichaka, na yeye hana subira kuliko dubu.

Kwa hiyo chombo cha kwanza cha mtu mwenye mbwa pembeni ya hifadhi ni kamba ya mita mbili. Si kitu cha kujivunia mbele ya marafiki, na watu wa kijijini wanaweza kucheka kuona mbwa amefungwa kama mbuzi wa soko. Acha wacheke. Mbwa aliyefungwa bado anasikia, bado ananusa, bado ananguruma. Kitu pekee asichoweza kufanya ni kwenda kumleta nyati.

Kuna sababu nyingine ya kumzuia. Mwaka 1994, ugonjwa wa virusi vya mbwa uliingia kwa simba wa Serengeti, Tanzania, na kuua karibu theluthi moja ya simba wote wa pale. Mbwa wa vijiji vilivyozunguka hifadhi ndio waliohusishwa na ugonjwa huo. Ndiyo maana hifadhi nyingi hazitaki kuona mbwa ndani. Virunga yenyewe ina kikosi chake cha mbwa, wenye kufuata nyayo za majangili na kunusa pembe na silaha, lakini hao wanatunzwa na madaktari na wanatembea na walinzi. Mbwa wa kijijini anayevuka mpaka anabeba magonjwa pande zote mbili.

Na anaporudi nyumbani, yeye ndiye hatari kwa watoto. Karibu visa vyote vya kichaa cha mbwa kwa binadamu vinatokana na kuumwa na mbwa. Mbwa anayetembea karibu na pori bila chanjo ni hatari kuliko nyani yeyote wa shambani. Akimwuma mtu, kidonda kinaoshwa kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha mtu anapelekwa siku hiyohiyo kutafuta chanjo. Dalili zikishaanza, ugonjwa huo hauna tiba.

Kila mnyama na lugha yake

Kosa la mwenye kutafuta bastola ni kufikiri kwamba kuna chombo kimoja cha wanyama wote.

Nyani anaelewa mkono. Akiona mtu mzima anainama kuokota jiwe, mara nyingi anaondoka kabla halijatupwa. Watafiti waliofanya kazi Uganda, upande wa msitu wa Budongo, walikuta kwamba nyani wanawaogopa wanaume kuliko wanawake na watoto, na wanachagua shamba la kuingia wakijua nani analilinda. Wanawake wa Rutshuru hawakuhitaji utafiti kujua hilo. Lakini nyani dume akizingirwa na mbwa anageuka na kupigana, na meno yake marefu yanaweza kumpasua mbwa tumbo kwa mara moja. Usimtume mbwa kwenye kundi la nyani. Mshike, simama wima, tupa jiwe, piga kelele, na waachie nyani njia ya kutokea.

Kiboko ni jambo la saa. Usiku anatoka majini kula majani, alfajiri anarudi. Kwa wakaaji wa Vitshumbi na Nyakakoma kwenye ziwa Edouard, hatari kubwa ni kujikuta kati yake na maji. Vita na ujangili vilipunguza viboko wa Virunga sana: katika miaka ya 1970 walikuwa zaidi ya 25,000, na katikati ya miaka ya 2000 walibaki chini ya 1,000. Wameanza kuongezeka tena, na njia zao za usiku zinarudi. Kwa kiboko hakuna chombo cha kubeba. Kuna kuchelewa kutoka nyumbani hadi mwanga uwepo, na kuna kupita mbali na njia zake, ambazo zinaonekana wazi kama mtaro kwenye majani.

Nyati anafichwa na kichaka. Upepo ukivuma kutoka kwako kwenda kwake, atakunusa na mara nyingi ataondoka. Ukivuma kutoka kwake, wewe utamgundua ukiwa umeshafika. Wenye kuimba ao kuongea kwa sauti njiani wanafanya jambo la akili kuliko wenye kunyamaza. Akishaanza kukimbilia upande wako, mti ndio wa kutafuta.

Simba, chui ao fisi wakitokea mchana, ambayo si mara nyingi, mtu hatakiwi kumpa mgongo. Anamshika mbwa karibu, anainua mikono ao kitambaa ili aonekane mkubwa, anaongea kwa nguvu, na anarudi nyuma polepole akitazama mbele.

Tembo ndiye mwenye kuleta maswali mengi, hasa tangu mwaka 2020, wakati karibu tembo 580 walipovuka kutoka hifadhi ya Queen Elizabeth ya Uganda na kuingia Virunga. Kwa hifadhi ilikuwa habari njema sana, baada ya miaka mingi ya kuuawa kwa ajili ya pembe. Kwa mwenye shamba la mahindi karibu na Ishasha ilikuwa habari ya namna nyingine. Uzio wa umeme ulijengwa kwenye sehemu za mpaka wa hifadhi. Mahali uliposimama ulisaidia, lakini mpaka wenyewe unabishaniwa kwa miaka mingi, na uzio unaopita juu ya ubishi hauna maisha marefu.

Pilipili, mwanga na pembe

Kama kuna kitu ambacho Afrika imelifundisha jambo hili, ni pilipili. Katika miaka ya 1990 mtafiti Loki Osborn alifanya majaribio nchini Zimbabwe na kuona kwamba tembo, mwenye pua kubwa kuliko wote, anaikimbia harufu ya pilipili kali. Tangu hapo wakulima wa nchi nyingi wanasaga pilipili, wanaichanganya na mavi ya tembo ao ya ng'ombe, wanakausha tofali na kulichoma polepole usiku upande upepo unakotoka. Wengine wanazungusha shamba kwa kamba na vitambaa vilivyopakwa oili chafu ya gari na pilipili. Mvua inaosha dawa hiyo, kwa hiyo inapakwa upya, na tembo mwenye njaa anaweza kuizoea. Bado ni rahisi kuliko kila kitu kingine, na pilipili iko nyuma ya nyumba.

Huko Zimbabwe ndiko ilikotokea pia silaha pekee ya hewa yenye maana katika habari hii. Inarusha kwa nguvu ya gesi mpira mdogo kama wa ping-pong uliojaa mafuta ya pilipili. Mpira unapasuka kwenye mwili wa tembo, harufu inapanda, tembo anageuka. Haimjeruhi. Inatumiwa na vikundi vilivyofundishwa, si na mtu mmoja anayeenda shambani na mbwa wake, lakini inaonyesha jambo ambalo wauzaji wa bastola hawalisemi: kinachomwondoa mnyama ni pilipili iliyo ndani ya mpira, wala si nguvu ya kuurusha.

Jambo hilohilo lilionekana mbali zaidi, huko Alaska. Utafiti uliotolewa mwaka 2008 ulipitia visa 83 vya watu waliotumia dawa ya pilipili ya kupuliza dhidi ya dubu kati ya mwaka 1985 na 2006. Katika zaidi ya mara 9 kati ya 10, dubu aliacha alichokuwa anafanya. Miaka minne baadaye watafiti haohao walitazama visa vya watu waliokuwa na bunduki za kweli, na hawakuona kwamba wenye kufyatua waliumia kidogo kuliko wenye kubeba tu bila kufyatua.

Kaskazini mwa Tanzania, shirika la Honeyguide linafundisha walinzi wa mashamba kutumia vyombo kwa zamu. Kwanza tochi yenye mwanga mkali sana. Tembo asipoondoka, pembe ya hewa yenye mlio mkubwa. Kisha vifurushi vya unga wa pilipili vinavyopasuliwa hewani, na mwisho kabisa fataki. Mara nyingi tochi inatosha, na hilo ndilo somo la kubeba kuja huku, kwa sababu tochi haiogopeshi kijiji jirani. Pembe ya hewa, ama vuvuzela la mpira, nayo inajulikana na kila mtu kuwa kelele ya mpira ao ya harusi. Hakuna askari atakayeiita bunduki.

Kwa wenye kuishi upande wa sokwe, Jomba na Bukima, kuna watu wa kujitolea wa vikundi vinavyoitwa HuGo, vilivyoanzia Uganda na kufika pia upande wa Kongo, wenye kuwarudisha sokwe msituni kwa kusimama kwa mstari, kugonga vijiti na kupiga kengele, bila kuwagusa. Mbwa hatakiwi pale kabisa, hata mwenye kamba.

Basi mkulima wa Nyamilima aliyetaka bastola anabaki na mzigo wa aina nyingine: kamba, tochi iliyochajiwa, vuvuzela ao filimbi, mawe mawili ya mkono, na mwenzake wa kutembea naye, kwa maana wanyama wengi wanaogopa kundi kuliko mtu mmoja. Simu yenye namba ya chifu wa kijiji na ya kituo cha walinzi kilicho karibu inafaa kuwa na umeme asubuhi hiyo. Akikuta nyayo mpya za tembo njiani, anarudi na kuwaambia wengine kabla hawajatoka.

Kuhusu mazao yaliyokwisha kuliwa, bastola haingesaidia pia. Upande wa pili wa mpaka, sheria ya Uganda ya mwaka 2019 kuhusu wanyama wa pori iliweka mpango wa kuwalipa watu walioharibiwa mali ao kuumizwa na wanyama nje ya hifadhi, na Rwanda ina mfuko wa serikali wa kufanya hivyo. Mkulima wa Binza anayeamka na kukuta nusu ya shamba imelala chini anaweza kuwaona, kwa macho yake, majirani wenye haki hiyo ng'ambo ya mto Ishasha. Anamfungua mbwa kamba, anakata mahindi yaliyovunjika kwa ajili ya mbuzi, na kuanza kuhesabu mistari iliyobaki.